Kuvu kwenye tanga: usikimbilie jiki

Ndugu, umeuliza kama jiki itatoa madoa meusi kwenye tanga la mashua ulilolikunja bichi Naivasha ukalitupa stoo huku Nairobi. Kwanza, tanga lenyewe ni la nini? Likiwa la nailoni au Kevlar (nyuzi za kiwandani zilizo imara sana), jiki iache kabisa, inakula nyuzi. Poliesta huvumilia jiki kidogo iliyozimuliwa kwa maji mengi, kisha unasuuza mpaka harufu iishe. Na usiichanganye na siki, gesi yake ni sumu!

Mimi huanza na brashi laini, tanga likiwa kavu, nje ya nyumba, halafu maji vuguvugu na sabuni ya maji. Doa huenda likabaki kidogo, wala halipunguzi mwendo. Lianike kivulini mpaka mishono ikauke. Kwa baridi hii ya Julai, siku moja haitoshi.