Pawa saplai ya redio ya zamani inavuma

SWALI: Fundi mambo, nipo Minneapolis, nimepata mnadani redio Heathkit HW-101 na pawa saplai yake HP-23, nikiwasha spika inavuma mmmm. Niiache tu ipate moto?

JIBU: Usiichomeke tena kaka. Hizo ni kapasita za elektrolaiti, vile vikopo vya alumini, zimekauka ndani kwa uzee, siku zikipiga shoti zinaondoka na transfoma, na transfoma ndo kazi kuipata. Wapo watakwambia uamshe polepole kwa variaki (transfoma ya kupandisha volti kidogo kidogo), mi siamini sana, badilisha zote mara moja na rezista zilizopachikwa juu yake pia, maana ndo zinagawa volti na kumwaga chaji ukizima. Hizo rezista zikikatika chaji inabaki kwenye kapasita, na ni volti zaidi ya 700! Chomoa ukutani, subiri, pima kwa mita hadi ikaribie sifuri ndo utie mkono (mmoja, mwingine mfukoni). Mi nilisema "si nimezima", bisibisi ikaliwa ncha.

Ukimaliza, jaribu bila redio, unga na balbu ya wati 100 ya kizamani, siyo LED, umeme upitie kwenye balbu kwanza, ikiwaka kali isififie kuna shoti, zima.