Namba Isiyopiga Kelele

Programu ya kawaida ikiharibika hulalamika. Ukurasa haufunguki, simu zinaanza kuita, kila mtu anajua. Namba ikiharibika hukaa kimya kwenye dashibodi, na wakubwa wanapanga bajeti kwa kuitegemea. Ukiajiriwa kama mhandisi mwandamizi kwenye kampuni changa ya uchambuzi wa data, kazi yako kubwa ni hiyo namba. Mengine yote yanafuata.

Anza na maana kabla ya msimbo. "Mteja hai" ni nani? Aliyeingia leo, au aliyelipa mwezi huu? Nimekaa kwenye vikao ambako watu wa mauzo na watu wa fedha walibishana saa nzima, kumbe kila upande ulikuwa sahihi kwa maana yake. Andikeni maana moja, iwe na mwenyewe, na ripoti zote zichote humo. Siku nayo inaanza saa ngapi? Hifadhi nyakati zote kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, uzigeuze wakati wa kuonyesha tu.

Halafu tazama sana mahali majedwali yanapounganishwa. Oda moja yenye malipo mawili ikiunganishwa na jedwali la malipo inageuka safu mbili, yaani mistari miwili ya jedwali. Ukijumlisha thamani ya oda, mapato yamepanda bila mtu kuuza chochote. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Mimi huweka jaribio dogo linalohesabu safu kabla na baada ya kuunganisha, nalo limeniokoa kuliko kifaa chochote cha bei. Kazi za usiku nazo ziandike hivi: zikiendeshwa tena, zifute data ya siku ile na kuiandika upya, zisiongeze juu ya iliyopo. Maana zitakwama tu, na mtu atazirudia.

Vijana watataka Kafka, mtambo wa kupitisha data nyingi mfululizo, wiki ya kwanza. Kafka ilitoka LinkedIn, mtandao wa kijamii wa kikazi, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 2011, mwaka uleule mtandao huo ulipofikisha watumiaji milioni 100. Nyinyi mna wangapi? PostgreSQL, hifadhidata ya kawaida, itawabeba mbali. Ikianza kulemewa na maswali ya kujumlisha, sababu mara nyingi ni kwamba inahifadhi data safu kwa safu, hivyo husoma hata usichokihitaji. Hapo ndipo hifadhidata za nguzo kama ClickHouse au DuckDB zina maana, kwa kuwa zinasoma nguzo uliyoiuliza tu. Kukataa mtambo mkubwa ni sehemu ya cheo, hata kama hakukupi sifa.

Kuhusu hisa wanazokuahidi, uliza kampuni ina hisa ngapi kwa jumla. Idadi yako peke yake haisemi kitu.

Na kwenye usaili waulize swali hili: mkigundua ripoti ya mwezi uliopita ilikosewa, nani humwambia mteja? Wakianza kutazamana, tafuta kazi kwingine.