Kansa imerudi, mume wangu hataki tena kemo

Swali: Shangazi, mume wangu alifanyiwa operesheni ya kansa ya utumbo mpana, sasa imerudi iko kwenye ini na anasema kemo (zile dawa kali za kuua seli za kansa) hataki tena, nimlazimishe?

Jibu: Pole sana mwanangu. Usimlazimishe, ila muulize anachokataa ni nini hasa, maana wengi wanachochoka nacho ni ile ganzi ya vidole na kichefuchefu, na hapo daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Ulizeni pia kama vivimbe vya ini vinaweza kukatwa, na kama uvimbe umepimwa MSI, yaani kipimo cha kasoro kwenye vinasaba vya uvimbe, kwa sababu ikiwa juu kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili. Tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ianze sasa hivi, sio ya kungojea kufa jamani! Na maswali andika kabisa, mle ndani kwa daktari mtu unasahau.