Niligawa nusu ya vitu vyangu, kelele zikabaki

Miaka minne iliyopita niligawa nusu ya vitu vyangu ndani ya siku mbili. Nguo, vyombo, vitabu nilivyokuwa nikijidanganya kwamba nitavisoma, chaja za simu zilizokufa zamani. Jumapili jioni nikakaa katika chumba cheupe, nikasubiri utulivu. Haukuja. Ilikuja hamu ya kukipiga picha chumba hicho ili watu wakione.

Yaani nilikuwa nimebadilisha mashindano tu. Zamani nilishindana kuwa na vitu, sasa nashindana kutokuwa navyo. (Nasema haya kwa wenye uwezo wa kuchagua. Asiyekuwa nacho hahitaji kuhubiriwa apunguze.)

Tamaa ya vitu ina ujanja wake, na mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot aliueleza vizuri mwaka 1769. Alipata joho jipya jekundu la kuvalia nyumbani, akaachana na la zamani, na mara samani zake zikaanza kumtia aibu. Akawa anabadilisha kimoja baada ya kingine. Aliandika kwamba kwa joho la zamani yeye alikuwa bwana, kwa hili jipya amekuwa mtumwa. Joho langu mimi lilikuwa meza ya kazi. Meza ikadai kiti, kiti kikadai taa, taa ikafichua kwamba ukuta unahitaji rangi. Tangu hapo, kabla sijanunua kitu najiuliza kitakuja na wageni wangapi.

Lakini aliyenibadilisha hasa ni buibui.

Nilianza kukaa chini ya mti nyuma ya nyumba robo saa kila alfajiri, simu nikiiacha ndani. Wiki ya kwanza ilikuwa adhabu. Mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe. Siku ya kumi hivi nikamwona, katikati ya matawi mawili, anakusanya utando wake uliochakaa. Hakuuacha udondoke. Aliukunja kwa miguu kidogo kidogo, akaula. Baadaye nikaja kusoma kwamba buibui wengi wanaofuma utando wa mviringo hufanya hivyo: protini ya uzi wa jana hurudi mwilini ikafumiwe utando wa leo. Kisha akaanza upya. Uzi mmoja kama daraja, halafu nyuzi za kutoka katikati kwenda pembeni, na mwishoni kabisa ule mzunguko unaonata, akiupima kwa mguu kila hatua. Nilipozinduka zilikuwa zimepita dakika arobaini, na sikuwa nimejifikiria hata mara moja.

Kwangu hilo lilikuwa geni. Nilikuwa na daftari la kujiendeleza: kurasa nilizosoma, saa niliyoamka, siku nilizokosa. Kila jioni nilijikagua kama mkaguzi wa hesabu anayetafuta mwizi. Daftari nimeliacha. Mti sijauacha.

Nikisimulia haya, watu huniambia hawana msitu wala muda wa kujitenga. Henry David Thoreau, mwandishi Mmarekani ambaye hakosi kutajwa maisha yasiyo na makuu yanapozungumzwa, alijitenga msituni kando ya bwawa la Walden kuanzia Julai 1845 hadi Septemba 1847, na muda wote huo alikuwa akitembea kwenda mjini Concord kuwaona jamaa na marafiki. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Mimi linanipa nafuu. Chagua mti mmoja, au dirisha, au kipande cha anga, ukitazame saa ileile kila siku. Saa ileile, kwa sababu jani lililofunguka usiku humshtua yule tu aliyeliona jana likiwa limejikunja.

Meza bado ninayo. Taa nilimpa jirani, na ukuta haujapakwa rangi hadi leo.