Mkojo wa Paka Haushindwi kwa Udi

Masika yameingia na barua zenu karibu zote zanuka paka. Ndivyo ilivyo kila mvua: nyumba iliyotulia kaskazi nzima huanza kunuka mara hewa inapopata maji, na mwenyewe huapa kuwa hakuna mnyama aliyekojoa ndani tangu Ramadhani. Huenda asema kweli. Nimechagua barua saba, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nusu ya Lamu ina swali hilo hilo.

Assalaam aleikum, mama. Nyumba yetu ni ya mawe, ya wazee. Kuna dume la mtaani hushuka ukutani likaingia kiwandani, yaani uani, na ukuta wa sabule, chumba cha wageni, limeufanya wake. Nimeosha kwa siki, nikamwaga Jik, nikapaka chokaa mpya. Ikinyesha tu, harufu inarudi. Nifanye nini kabla sijalitilia sumu? — Mke wa nahodha, Mkomani

Wa aleikumu salaam. Sumu iache, maana watakaoshukuru ni panya.

Mkojo wa paka si kitu kimoja. Ndani yake mna yurea, ambayo bakteria huigeuza amonia, ile inayochoma pua. Hiyo huondoka kwa maji na sabuni. Dume lisilohasiwa huongeza misombo ya salfa, na hapo ndipo ukali wenyewe ulipo. Kisha kuna asidi ya yuriki, nayo ndiyo inayokutesa. Hukauka ikawa chembe ndogo sana ambazo maji hayaziyeyushi vizuri, zikakaa ndani ya vinyweleo vya ukuta. Wakati wa jua hunyamaza. Hewa ikipata unyevu, huamka. Kwa hiyo dume huenda hakurudi hata siku moja tangu ulipoosha; unanusa mkojo wa zamani.

Ukuta wako wa matumbawe na chokaa hunywa kila unachomwagiwa. Siki ni asidi, na asidi hula chokaa. Kila unapoisugua unauchubua ukuta, ukawa na kiu zaidi ya jana. Siki ni nzuri kwa vigae na kwa sakafu ya saruji iliyopakwa rangi, lakini si kwa plasta ya wazee wetu. Jik nayo haizigusi chembe zile inavyotakiwa, na ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayoumiza mapafu. Ikikutana na siki hutoa klorini, ambayo ni mbaya vilevile. Kama siku ile ulikohoa na macho yakakutoka machozi, usitafute hasidi. Na chokaa mpya umeipaka juu ya mkojo, basi umeufunika tu.

Anza kwa kutafuta doa. Azima ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia, zima taa, upite nayo chini ya goti. Dume halichuchumai linapoweka alama: husimama, likainua mkia, likarusha nyuma, kwa hiyo doa utalikuta ukutani na milangoni kuliko sakafuni. Mkojo mkavu hung'aa manjano au kijani. Baadhi ya sabuni za kufulia hung'aa pia, hivyo thibitisha kwa pua. Hakuna njia ya heshima ya kufanya kazi hii.

Osha kwa brashi laini na sabuni ya maji isiyo na manukato, kwa maji baridi ya pepo. Maji ya kisima yenye munyu yaache, kwa kuwa chumvi ikibaki ukutani huvuta unyevu, na unyevu ndio adui wako. Pakishakauka, tumia dawa ya vimeng'enya (enzaimu) iliyotengenezwa kwa ajili ya kuondoa mkojo wa wanyama. Maduka ya vitu vya wanyama ya Mombasa na Nairobi huwa nayo. Mwambie anayesafiri akuletee. Vimeng'enya huzivunja chembe zenyewe, lakini vinataka muda na unyevu. Lowesha kitambaa kwa dawa, kibandike ukutani, kifunike kwa karatasi ya nailoni, ukiache usiku kucha. Kisha uache ukuta ukauke wenyewe. Siku za mwanzo harufu inaweza kuzidi; usiogope, na usiikimbilie Jik, maana huua vimeng'enya. Rudia mara ya pili.

Pakikataa kabisa, mwite fundi akwangue plasta ya sehemu ile na apige mpya ya chokaa. Akikwambia saruji ni imara zaidi, au rangi ya mafuta itaziba harufu, mshukuru na utafute mwengine. Vyote viwili hufungia unyevu ndani, na baada ya muda plasta humomonyoka pamoja na harufu yake. Kuta hizi ni sehemu ya yale yaliyouingiza mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, basi tusizivike saruji kwa sababu ya paka mmoja.

Dume lenyewe shirikianeni majirani mulipeleke kwa daktari wa wanyama likahasiwe. Madume 9 kati ya 10 huacha kurusha au hupunguza sana, na mkojo wenyewe hupungua ukali katika wiki chache. Bila hilo, utakuwa unamuoshea ukuta.

Mama, mimi kila jioni nafukiza udi na naweka vidonge vya naftalini kabatini, na sakafu napiga deki kwa Dettol. Kwa nini bado? — Bi harusi, Langoni

Kwa sababu udi huongeza harufu, hauondoi. Hongera kwa chetezo chako na fukiza kwa raha zako, lakini baada ya kuosha. Ukifukiza kabla, mgeni atapokea udi na paka kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio unaofanya watu waage mapema.

Hayo mawili mengine yaondoe leo. Naftalini ni sumu kwa paka. Dettol ina dawa ambayo ini la paka haliwezi kuishughulikia: hukanyaga sakafu mbichi, hulamba nyayo, na ndivyo inavyomwingia. Piga deki kwa sabuni ya kawaida na usuuze.

Paka wangu dume, msafi siku zote, tangu jana anakojoa vitone kila pahali, hata juu ya kitanda, na analia. Niondoe vipi harufu? — Kijana, Shela

Acha harufu. Mchukue kwa daktari wa wanyama sasa hivi, usingoje kesho. Dume anayejikamua, akatoa vitone na kulia, huenda njia ya mkojo imeziba, na ikiziba kabisa hufa katika siku moja au mbili. Kitanda utakiosha akirudi.

Mtoto wa paka amekojoa juu ya godoro la sufi la mama mkwe, kwenye mkeka wa ukili, na pia kwenye mswala. Mama mkwe yuko Faza na anarudi Ijumaa. — Mwenye hofu, Langoni

Ijumaa si mbali, basi tuanze na godoro. Sufi usiiloweshe: hukauka polepole na huota ukungu, na ukungu mama mkwe atauona kabla hajavua buibui. Fumua mshono mahali palipoingia mkojo, toa sufi iliyolowa uitupe, fua kipande cha foronya kwa maji baridi na sabuni. Pandisha godoro darini wakati jua likitoka. Nyunyiza bikabonati, ile soda ya kuokea, ndani na nje, ilale usiku mmoja, kisha ipanguse. Jaza sufi mpya na ushone. Kama mshono wako haufanani na wake, tafuta fundi.

Mkeka ni rahisi zaidi. Maji baridi, sabuni kidogo, brashi kwa kufuata msuko, suuza, kisha uuning'inize penye upepo mpaka ukauke kabisa. Kuna watakaokushauri peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3 ya duka la dawa. Inafanya kazi kwenye kitambaa cheupe, lakini ukili uliotiwa rangi itaufifiza. Ukiitumia popote, jaribu kwanza kwenye pembe, na ukiichanganya na bikabonati usiifungie ndani ya chupa, maana chupa itapasuka.

Mswala una mambo mawili, harufu na tahara. La pili mwenyewe ni mwalimu wako wa chuoni, ila wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi hufundisha kuwa najisi ikishaoshwa kwa maji safi kwa juhudi, harufu peke yake ikigoma kutoka, husamehewa. Kwa upande wangu nasema utumie sabuni au dawa kwanza, na mwisho umimine maji safi mengi juu yake.

Hujambo mama. Nina mbwa, nimepanga nyumba yenye sofa na mazulia ya mwenye nyumba. Kila jioni tunaogelea pwani. Mkataba unaisha na nahofia pesa zangu za amana. — Mpangaji, Malindi

Sijambo, mwanangu. Mbwa wako hanuki bahari. Bakteria na hamira zinazoishi juu ya ngozi hustawi manyoya yakibaki mabichi, na chumvi huyazuia kukauka. Kila mkitoka majini msuuze kwa maji ya pepo na umkaushe kwa taulo mpaka chini ya kwapa, kabla hajakanyaga zulia. Muogeshe kwa shampuu ya mbwa, si sabuni yako. Akiendelea kunuka akiwa mkavu, kagua masikio. Na ukisikia harufu ya samaki aliyeoza upande wa mkia, ni vifuko vilivyo kando ya tundu la haja, na hiyo ni kazi ya daktari.

Nyumbani, anza na kitu anachokilalia. Watu huosha nyumba nzima na kuliacha lile tandiko, nalo ndilo linalonukisha kila kitu. Lifue kila wiki. Mito ya sofa ivue foronya uifue, sponji ianike uani. Mazulia yapige bikabonati usiku mmoja kisha uyafagie au upitishe mashine ya kufyonza vumbi. Penye mkojo, dawa ya vimeng'enya, na usitumie mashine ya mvuke: joto hulishikisha doa kwenye nyuzi. Fanya haya wiki mbili kabla ya kukabidhi ufunguo, si usiku wa mwisho, na mwombe mtu asiyefuga mbwa aingie anuse. Pua yako imeshazoea, haina ushahidi.

Mke wa mwanangu ni mjamzito. Tuna paka watatu na sanduku moja la mchanga wa pwani. Harufu inamtapisha. — Bibi mtarajiwa, Lamu

Yeye asiliguse sanduku hilo kabisa, na si kwa sababu ya kutapika tu. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kwa paka wanaokula panya na nyama mbichi. Vijidudu hivyo huchukua siku 1 hadi 5 tangu kinyesi kitoke mpaka viweze kuambukiza. Kwa hiyo mtu mwengine atoe kinyesi kila siku bila kukosa, avae glavu na anawe.

Kuhusu harufu, paka watatu wanataka masanduku manne, yawekwe pahali mbalimbali, yasipangwe safu moja. Mchanga wa pwani hauushiki mkojo, unaupitisha chini. Nenda kwa mafundi wa kuchonga milango uombe unga wa mbao usio na vanishi wala rangi. Unanyonya vizuri na wao hufurahi kuuondoa. Badilisha wote mara kwa mara na uoshe sanduku kwa sabuni na maji moto. Msiweke manukato ndani. Paka akichukia sanduku atachagua kitanda.

Tunafuga punda wawili uani. Majirani wamenuna. — Mwenye punda, Wiyoni

Wana haki, na punda wako wangenuna pia kama wangeweza: amonia inayowaudhi majirani huwachoma mapafu wao kwanza. Chimba udongo wa juu uliolowa uutoe, jaza kokoto za matumbawe na mchanga, na uupe uwanja mteremko kuelekea mfereji ili mkojo usitue. Majani yaliyolowa yatoke kila asubuhi, si Jumamosi. Mavi makavu mpe mwenye shamba.

Kisha inua miguu yao uangalie. Ukwato ukitoa uchafu mweusi unaonuka kupita kiasi, hilo si tatizo la zizi tena, ni ugonjwa. Donkey Sanctuary wamekuwa wakitibu punda hapa Lamu tangu 1987. Wapeleke kabla hujawapandisha mzigo mwengine.