Shangazi, mbona anayeuguza halipwi?

SWALI: Mwakeye shangazi. Mi niko Ujiji namuuguza mama yangu, ana miaka 67, alipigwa stroku mwaka juzi upande wa kulia wote hauna kazi. Nilikua nauza dagaa nikaacha maana siwezi kumuacha mwenyewe ata nusu saa. Kaka zangu wako Dar, wanatuma pole kwenye grupu la familia. Sasa binamu yetu alieko Uingereza anasema kule serikali inamlipa anaeuguza ndugu yake nyumbani, je na huku ipo? Na TASAF, wale wa ruzuku ya kaya maskini, walipoandikisha mtaani sisi hatukuwemo, mama alikua bado mzima tunajiweza. — Binti wa Ujiji

JIBU: Mwakeye neza mwanangu, na pole ya kweli sio ya kwenye grupu. Nikwambie tu ukweli, huku Bara posho ya muuguzaji haipo. Binamu yako hajakudanganya, Uingereza ipo toka 1976, sharti umuhudumie mgonjwa angalau masaa 35 kwa wiki (we hayo unayamaliza siku ya pili jua halijazama), ila hata wao wanawake walioolewa walikua hawapewi mpaka 1986, eti mke si yuko nyumbani tu! Zanzibar toka 2016 wana pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, lakini ile ni ya mzee mwenyewe. Kwetu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawapa ndugu wajibu wa kumtunza mwenzao, yani wajibu umeandikwa vizuri kabisa, hela ya anaeutekeleza ndo haijaandikwa. Mi hapo huwa nachoka.

Kwa hiyo acha kutafuta hela kwa jina lako, tafuta haki kwa jina la mama. Ana miaka zaidi ya 60, na sera ya wazee tunayo toka 2003, mzee asiejiweza anatibiwa bure hospitali za serikali. Ila usiende mikono mitupu, pitia kwa mtendaji wa mtaa akupe barua, alafu afisa ustawi wa jamii pale manispaa, uulizie kitambulisho cha matibabu cha wazee. Mwambie mapema kwamba mgonjwa hatembei, waangalie namna ya kumfuata nyumbani, usije ukakodi bajaji ukambeba mama kwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Kama ana kitambulisho cha taifa (NIDA) beba kopi, kama hana anza nayo sasa maana Kigoma yetu hii ya mpakani mnaijua, utaulizwa mpaka babu alizaliwa kijiji gani. Na ujiandae, kuna siku dirisha la wazee utaambiwa dawa hamna kanunue nje, hilo lipo.

TASAF haiandikishi kila siku, wanakuja kwa awamu. Majina yanatajwa kwenye mkutano wa mtaa mbele ya watu, ndo baadae mnajaziwa dodoso kuona hali ya kaya. Sasa wewe unaefungiwa ndani na mgonjwa mkutano utausikia umeshaisha, kwa hiyo mwambie mwenyekiti na jirani mmoja mwenye mdomo mapema kwamba hali ya kwenu imebadilika. Ruzuku yenyewe inatoka kila miezi miwili, sio kubwa, na kuandikishwa ni bure, akija mtu na fomu ya kulipia mfukuze. Ukitaka kurudi kwenye biashara kuna ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, halmashauri inatenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa wanawake na 2 kwa watu wenye ulemavu, ila mkopo ni deni, usichukue kabla hujapata mtu wa kukaa na mama.

Na huyo mtu kaka zako ndo wamlipe. Andika kwenye grupu hilohilo bei ya pampasi, sabuni, na mshahara wa binti wa kukusaidia, kila mmoja aseme anatoa ngapi, asietaka anyamaze wote waone.

Mwisho mgongo wako. Mama usimvute kwa ule mkono uliopooza, bega linachomoka. Tandika kanga nzito chini yake, toka mabegani mpaka mapajani, umgeuze kwa kuivuta hiyo kanga kila baada ya masaa mawili asitoke vidonda. Siku ya kliniki muombe mtu wa mazoezi ya viungo akuoneshe kwa vitendo, na huyo binti aende nae ajifunze.