Usiku wa kumuenzi Marijani Rajabu: kabla hujalipia ukumbi

Mkuu, umeuliza kama vijana wanne na kinanda wanatosha kwa shoo ya kumuenzi marehemu Marijani Rajabu, yule mwimbaji wa muziki wa dansi, na nyimbo zipi zianze. Nimewahi kupiga gitaa la rhythm kwenye shoo ya namna hiyo hapa Dar, nakujibu kwa niliyoyaona jukwaani.

Hawatoshi. Kinanda kinaweza kudanganya kwenye harusi, lakini mtu aliyekata tiketi kwa ajili ya Marijani, Jabali la Muziki, anakijua kila kipande cha bendi yake ya Dar International. Mwandaaji wetu alibana bajeti, akawaondoa wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni dakika za mwisho. Wimbo wa pili tu, meza za mbele wakaanza kuziba pengo kwa midomo, "paa, pa-paa!", huku wanacheka. Wao walifurahi. Sisi jasho lilitutoka.

Mwimbaji sasa. Usihangaike na anayemuiga Marijani. Wengi huishia kuimbia puani. Tafuta anayetamka maneno yakasikika mpaka mlangoni. Nyimbo za yule bwana ni visa, vina watu na majina yao: Rosa, Georgina, Zuwena, Mwanameka. Kijana wetu alikuwa na sauti nzuri sana, ila alipachika beti la mwisho katikati. Mzee mmoja akainuka na kofia yake mkononi, akasogea hadi jukwaani, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, rudi nyuma, hilo bado halijatokea." Ukumbi mzima ukapiga makofi, na kijana akarudi nyuma kweli.

Ndiyo maana nasema msikimbilie chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza. Bendi za siku hizi zinaimba beti moja halafu zinaingia kwenye sebene, eti watu wacheze. Watacheza, usiwe na wasiwasi, lakini kwanza waacheni wasikie kisa kimeishaje. Magitaa nayo yawe matatu, besi usiihesabu: solo, second solo na rhythm. Ukitoa second solo, wimbo unabaki uchi.

Kwenye mazoezi, jambo linalowasumbua vijana ni kanda zenyewe. Rekodi nyingi za Radio Tanzania zimenakiliwa na kunakiliwa tena, kasi imeyumba, unakuta wimbo umekaa katikati ya noti mbili. Msibishane. Tuni magitaa kufuata rekodi mkiwa mnajifunza, kisha chagueni ufunguo unaomfaa mwimbaji.

Mpangilio: anza na enzi za Safari Trippers, bendi yake ya miaka ya 70, "Rosa Nenda Shule" na "Georgina", ndipo uje Dar International. "Zuwena" iweke mbali, maana ukiipiga mapema utaombwa uirudie usiku kucha. Na muanze saa 2 usiku kweli, siyo saa 5. Waliomcheza Marijani ukumbini ni wazee sasa, hawakeshi.

Usisahau kibali cha hakimiliki ya nyimbo, na nenda mwenyewe kwa familia kabla bango halijatoka. Marijani alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 40 tu, na wanamuziki wa kizazi chake wengi hawakuvuna walichopanda. Itakuwa aibu jina lake lijaze ukumbi na nyumbani kwake wasijue. Fungu lao liandikeni kwenye mkataba, asilimia ya mlangoni, siyo bahasha ya kupeana jukwaani mbele ya kamera.

Wapulizaji nawafahamu wawili wazuri, nitafute inbox.